Sitoki Mezani

Harufu ya togwa haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Mwanzoni ni uji wa mahindi tu, mzito, wa kila siku; kisha uji ukishapoa na kuwa vuguvugu, kimea cha ulezi kinakorogwa ndani yake, na hapo hutokea utamu wenye uchachu kwa mbali, utamu unaopanda puani kabla haujafika ulimini. Nilikuwa sijaunusa kwa miaka mingi. Nilikutana nao Jumapili moja ya majira haya ya kuchipua, nikishuka ngazi za kwenda kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tunalosali hapa Saint Paul, huku theluji ya mwisho ikiwa bado imelundikana, nyeusi kwa vumbi, kando ya maegesho ya magari. Mjukuu wangu Eliza alikuwa amepata kipaimara asubuhi hiyo, na chini kule kina mama walikuwa wakipanga sherehe yake. Nikasimama katikati ya ngazi, nimeshika reli, watu wakinipita na sahani zilizofunikwa kwa karatasi za bati. Miguu yangu ilikuwa Saint Paul, lakini pua yangu ilikuwa imekwisha kufika milimani Iringa, kwenye jiko la udongo, mwaka ambao baba yangu nusura apoteze mguu na kazi yake kwa sababu ya kikombe cha chai.

Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu. Kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma na bati, lakini kazi yenyewe haikuwa kanisani, ilikuwa njiani. Alitembea kwa miguu, kilima baada ya kilima, katika ukungu ule wa asubuhi unaolowesha nyusi, kwenda kuwaona wagonjwa, wafiwa, na waliogombana. Watu wote walimwita Mwinjilisti. Hata mama alimwita hivyo mbele za wageni, ingawa sisi watoto tulimsikia akimwita jina lingine walipokuwa peke yao. Kila mwaka, miezi ya kabla ya kipaimara, alipaswa kupita nyumba ya kila mtoto anayefundishwa, asali na wazazi, ajue kama nyumba iko tayari. Na hakuna nyumba kwetu ambayo mgeni aliingia akatoka mdomo mkavu. Nyumba masikini ilitoa viazi na togwa. Nyumba iliyojiweza ilitoa chai ya maziwa yenye sukari nyingi kiasi kwamba kijiko kilisita kuzunguka, kwa sababu sukari ndiyo iliyopima heshima. Mama mwenye nyumba alimimina, akanywa funda la kwanza mbele ya mgeni, kisha akampa kikombe kwa mikono miwili. Funda lile lilikuwa na maana ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeisema: humu hamna sumu, na mimi sikutakii mabaya. Mgeni aliyekataa kunywa baada ya hapo alikuwa amejibu kwa sauti kubwa kuliko kama angepiga kelele.

Mwaka ule baba alianza kukonda. Alikuwa na kiu isiyokwisha, alikunywa maji kata kwa kata mpaka mama akamtania, "Umemeza jua wewe?" Kisha akaacha kumtania. Baba alikwenda hospitali ya misheni, safari ya kutwa nzima, na aliporudi alitueleza sote tukiwa tumezunguka moto. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amempa vidonge na maneno machache: aache sukari, apunguze ugali, aitunze miguu yake kama mtoto mchanga, kwa maana kidonda kikiota huko, mguu utakatwa. Mama alitazama miguu ya baba, kisha akatazama mlango, ile njia iliyoanzia pale na kupotea mlimani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwinjilisti wa kukaa kitini hakuwahi kuwako huko kwetu.

"Na kule unakokaribishwa?" mama akauliza.

"Nitaona," baba akasema. Siku iliyofuata aliniita, mimi binti yake wa mwisho, mwenye umri wa miaka kumi hivi. "Faraja, kesho unakwenda nami. Una kiu?"

Nilidhani nimepewa heshima. Kumbe nilikuwa nimepewa kazi. Mwenye nyumba alipokwisha kuonja na kutukabidhi vikombe, alirudi jikoni kuchukua viazi, na baba akabadilisha kikombe chake na changu nilichokwisha kukimaliza. Nilikunywa vyote viwili. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Kwa mtoto aliyeonja sukari siku za Krismasi na Pasaka tu, ilikuwa kama mbingu imeshushwa kwenye kikombe cha bati, lakini hata mbingu ina kipimo chake tumboni. Njiani nilikimbilia vichakani kila tulipopita kona. "Faraja, umebakiza nafasi?" baba aliniuliza, bila kugeuka. "Ya kikombe kimoja, baba." "Basi tembea haraka, ishuke kidogo. Kwa Mzee Yohana wanainamisha sana birika." Tulicheka sana safari zile. Sikumjua baba yangu kuwa mcheshi mpaka alipougua.

Kwa nini hakusema tu? Nimejiuliza hilo nikiwa mtu mzima. Ugonjwa wa sukari, kwa watu wetu, ulikuwa ugonjwa wa mabwana wakubwa wa mjini, watu wenye matumbo, waliokula wakasahau kushukuru. Mwinjilisti aliyehubiri kiasi, akawa nao? Aliona haya. Na haya yake ndiyo iliyotufikisha kwa Mama Lazaro.

Mama Lazaro alikuwa mke wa mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde akimwita mbuzi mmoja tu. Mwanawe Lazaro alikuwa miongoni mwa watoto wa kipaimara. Alitukaribisha kwa furaha, akamimina, akaonja, akampa baba. Halafu akatoka, na badala ya kukawia jikoni kama wengine, akarudi mara moja kwa kuwa alisahau kopo la chumvi humo tulimoketi. Akanikuta nimekiinua kikombe cha baba, pua yangu imezama ndani.

"Mwinjilisti."

"Naam, Mama Lazaro."

"Hicho anachonywa mtoto ni kikombe cha nani?"

Baba akanyoosha mkono kukichukua kikombe.

"Nimekionja mwenyewe mbele ya macho yako. Bado ukaona umwonjeshe mtoto kwanza?"

"Sivyo hivyo, mama."

"Sivyo, ni vipi? Akianguka ndipo ungejua chai yangu ina kitu, siyo? Mtoto wako wa kumzaa mwenyewe!"

Baba alifungua mdomo. Nilikuwa nikimwangalia, niliona neno likifika mpaka kwenye meno yake, kisha likarudi. Akasema, "Tuombe." Mama Lazaro akajibu, "Kaombe kwako," akachukua birika lake akaingia ndani.

Habari ilivuka mabonde kabla sisi hatujafika nyumbani. Mwinjilisti anawadhania watu uchawi. Mwinjilisti anampitisha mtoto mbele kwenye sumu. Kisimani wasichana wakubwa walinichotea maji, wakaninyooshea kata: "We mwonjaji, hebu tuonjee hayo, kama yana kitu tujue." Nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Tukipita majumbani kwa watu tulijibiwa na watoto, "Hawapo," huku moshi ukitoka kwenye paa na tukisikia mtu akikohoa ndani. Watoto wawili waliacha kuja mafundisho. Mwishowe wazee wa kanisa walikuja, wapole, kofia mikononi. Walisema wao hawaamini maneno hayo. Ila kwa ajili ya amani, siku ya kipaimara Mwinjilisti afanye kazi yake kanisani, kisha akapumzike nyumbani. Karamu zipite bila yeye. Chakula ataletewa.

Mama alifikiri ni ushauri mzuri. "Ukae tu," alisema walipoondoka. "Hata mguu wako utapumzika." Baba alikuwa akipaka viatu rangi. Aliendelea kupaka. Nakumbuka alisugua ncha ya kiatu kimoja kwa muda mrefu mno.

Siku yenyewe, ibada ilipokwisha, alishuka moja kwa moja kwenda kwa Mama Lazaro, mimi nikikimbia nyuma yake. Uani kulikuwa na meza zilizoazimwa shuleni na mabenchi yaliyoazimwa kanisani, watu wamejaa, masufuria yanatoa mvuke. Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Vijiko vilinyamaza. Kisha baba yangu, mtu aliyevaa tai hata kulima, akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu wake mtupu juu ya benchi mbele za watu wote.

"Huu mguu ndio ninaouogopea," alisema. "Sio chai yenu. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari ameniambia kila kikombe mnachonipa kinaukaribisha msumeno. Niliona haya kuwaambia, nikamwekea mtoto mzigo wangu tumboni. Sasa mmejua. Mmeniambia karamu zikifika nikae nyumbani. Sikai. Watoto hawa nimewafundisha mimi, na leo nitakula nao. Nipeni maharage, nipeni mboga za maboga, nipeni kinyama kama kipo, na ugali wa ngumi moja. Chai yenye sukari sinywi hata akiimimina askofu. Lakini hapa mezani sitoki. Mimi sitakufa kwa adabu."

Ndipo mzee mmoja, babu yake Lazaro, aliyekuwa na njaa tangu mahubiri, akasema, "Basi vaa kiatu, Mwinjilisti, tule." Watu wakacheka, na kicheko kile kikaufungua ua kama mtu aliyefungua dirisha.

Mama Lazaro hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu. "Togwa hii," alisema, na sauti yake safari hii haikuvuka hata meza, "sikuweka sukari hata punje." Akanywa funda lake, akampa kwa mikono miwili. Baba alikunywa mpaka chini. Alilia akinywa. Alikuwa hajapokea kitu mkononi mwa mtu kwa muda mrefu.

Na hapo ndipo tulipokosea wote, kijiji kizima, kwa upendo. Kwetu sukari ilikuwa kitu cheupe kinachotoka dukani kwenye karatasi. Kisichotoka dukani hakikuwa sukari. Kwa hiyo milango yote ikafunguka, na kila nyumba ikamwekea Mwinjilisti togwa, maana kimea ni cha shambani. Ikamtilia asali kwenye chai, maana asali ni ya nyuki. Ikamchemshia viazi vitamu, maana hivyo vinatoka ardhini na Mungu ndiye aliyevipa utamu. Walimtazama anywe. Walijivuna. Baba alimshukuru Mungu kwa kila funda, na siku moja akaanguka njiani, karibu na miti ya misindano, akabebwa kwa machela mpaka hospitali.

Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa na fimbo, na pungufu ya kidole kimoja cha mguu. Daktari alimweleza kwamba utamu wa togwa ni sukari ileile, imezaliwa ndani ya kibuyu badala ya kununuliwa. Lakini kijijini maelezo ya daktari hayakuwa yamefika. Kilichofika ni kwamba kibuyu cha kwanza kilitoka kwa Mama Lazaro. Watu wakaanza kukumbuka ugomvi wa kikombe. Mama Lazaro aliacha kuja kwaya.

Nyumba ya kwanza ambayo baba aliiendea na fimbo yake ilikuwa ya Mama Lazaro. Nilimshika mkono wa pili. Alitokea mlangoni, akatuona, akajifunika uso kwa khanga.

"Sasa watasema kweli," alisema. "Nimekuua kwa mikono yangu."

"Sijafa, Mama Lazaro. Nimekuja kunywa kwako."

"Unywe nini? Kila nilicho nacho ni kibaya kwako."

"Maji unayo?"

"Maji!" Aliondoa khanga usoni, lile neno lilimrudishia hasira yake, na nadhani ndicho baba alichotaka. "Nimpe Mwinjilisti maji matupu, kama ng'ombe?"

"Nipe kama ng'ombe. Na togwa yako siitaki tena, wala asali yako. Nakwambia hivi kwa sababu nitarudi wiki ijayo, na ile inayofuata. Nipe maji."

Mama Lazaro aliifunga khanga kiunoni. Kisha akaenda kwenye mtungi, akaifuta kata kwa upindo wa khanga, akateka. Akarudi mlangoni, akanywa funda la kwanza, akampa kwa mikono miwili. Baba hakuingia ndani. Alikunywa palepale kizingitini, mahali ambapo kila apitaye njia angemwona, na alipomaliza akaomba tena. Tangu siku hiyo, nyumba hadi nyumba, Mwinjilisti alipewa maji, na maji yalionjwa kwanza, na hakuna aliyeona haya. Alitembea milima ile mpaka akawa mzee sana. Tulimzika na miguu yake yote miwili.

Haya yote yalipita kichwani mwangu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ukumbi wa Saint Paul. Mimi pia ninao ugonjwa huo sasa, nimeurithi pamoja na pua yake. Namshukuru Mungu kwa mengi ambayo baba hakuyapata. Nina kifaa kidogo mkononi, chini ya sweta, kinachosema sukari yangu kwenye simu bila hata kunitoboa kidole. Nina insulini kwenye jokofu. Wakati wa baridi kali, binti yangu Tumaini akienda kazini Minneapolis, hunishusha kwenye jumba la maduka la Roseville, nami nazunguka humo ndani na wazee wenzangu, sinunui kitu, natembeza miguu yangu tu. Baba angefurahi kuona mtu anatembea mlima mzima bila ukungu.

Lakini nilipofika chini nilikuta meza ndogo imewekwa kando, karibu na mlango wa jiko. Juu yake palikuwa na kachumbari, mboga za kuchemsha na matango yaliyokatwa vizuri. "Mama, hapa ni pako na Bibi Ana," Tumaini alisema. "Tumewatengea, msisumbuke na vishawishi vya kule." Bibi Ana, rafiki yangu kutoka Bukoba, naye mgonjwa wa sukari kama mimi, alikuwa ameshaketi, mikono mapajani, akiangalia sherehe kama anayesubiri basi. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Baba yangu alitengwa kwa sababu watu hawakujua ugonjwa wake. Sisi tunatengwa kwa sababu wanaujua mno. Kiti ni kilekile.

Nilichukua sahani ya mboga. Nikakokota kiti changu, nacho kikapiga kelele sakafuni mpaka watu wakageuka.

"Mama, jamani, unakwenda wapi?"

"Kula na mjukuu wangu. Ana, lete hayo matango."

Tuliketi katikati ya meza kubwa. Nilichukua maharage, kipande cha kuku, na wali wa kujaa kiganja, nikautazama ule mlima wa chapati nao ukanitazama. Jirani yetu kutoka Kenya, Baba Wambui, akanisogezea keki, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Cucu, leo ni party! Hiyo sugar ita-adjust tu, si uko na dawa?"

"Dawa ninayo, mwanangu, na keki siitaki. Nisogezee maharage."

"Aki huyu cucu ni mgumu!" akasema, na maharage yakaja.

Ndipo Mama Debora akafika, mwenyeji wa kwetu Iringa, mama wa umri mdogo lakini mwenye mikono ya kizamani. Kimea alikuwa ameletewa na mdogo wake kutoka nyumbani. Alibeba kikombe, uso wake umeng'aa.

"Shikamoo Bibi. Hii nimekutengenezea wewe. Sijaweka sukari hata kidogo."

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilimshika mkono ili asidhani namcheka. Nilikinusa kikombe kile kwa muda mrefu, jiko lote la mama yangu lilikuwa ndani yake, kisha nikakirudisha mkononi mwake. "Mwanangu, nimekula harufu yake, na imenitosha. Utamu wake ni sukari hata usipoitia. Keti hapa nikusimulie. Eliza, mletee bibi maji."

Eliza anaelewa kila ninachosema, na hunijibu kwa Kiingereza. Alileta maji kwenye kikombe cha karatasi, akaninyooshea kwa mkono mmoja, katika gauni lake jeupe la kipaimara.

"Onja kwanza," nikamwambia.

Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama maji yana kasoro.

"Hayana. Onja, kisha unipe kwa mikono miwili. Nitakwambia kwa nini."

Alinitazama, akamtazama mama yake, akanywa funda moja. Akanipa. Nami nikanywa mpaka chini, katikati ya meza, mahali ambapo kila mtu aliniona, nikamrudishia kikombe anijazie tena.